Nafundisha Kiingereza China kwa viza ya biashara, na bosi anataka niseme mimi ni Mmarekani

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka Luoyang, jimbo la Henan, China. Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Magu, Mwanza. Nina shahada ya ualimu, masomo ya Kiingereza na Kiswahili. Nilipomaliza chuo nilijitolea kwenye sekondari ya kata huku nasubiri ajira. Kila zikitangazwa naomba, na kila majina yakitoka langu halimo.

Mwaka jana, kwenye kundi la WhatsApp la walimu, nikaunganishwa na wakala. Alisema China walimu wa Kiingereza wanatafutwa sana, mshahara yuan 12,000 kwa mwezi na nyumba bure. Nitaingia kwa viza ya M, ile ya biashara, halafu "tukifika tunabadilisha." Mama yangu akachukua mkopo kwenye kikoba, akauza na ng'ombe wawili, tukapata ada ya wakala na nauli.

Kituo ninachofundisha kipo ghorofa ya tatu ya jengo la maduka, wilaya ya Jianxi. Nje pameandikwa kwamba ni kituo cha sanaa na kucheza. Ndani nafundisha Kiingereza watoto wa miaka minne hadi tisa. Siku ya kwanza bosi alinipa jina la Lily na kuniambia wazazi wakiuliza niseme nimezaliwa Atlanta. Mshahara unaingia kwa WeChat, ile programu ya simu ya Wachina ya ujumbe na malipo, yuan 7,500. Anasema nyingine ni za wakala. Pasipoti anaifungia kwenye kabati la ofisini. Ananipa tu siku za viza zikikaribia kuisha, naenda Hong Kong nageuza, nikirudi anaichukua tena mlangoni kabla sijavua koti. Wakaguzi wakija, dada wa mapokezi anatuma ua jekundu kwenye kundi letu la WeChat. Hiyo ndiyo alama. Napitia ngazi za nyuma, nakaa stoo ya saluni ya jirani katikati ya maboksi ya dawa za nywele mpaka niitwe.

Watoto nawapenda, Mama. Kuna mmoja wa miaka mitano alikuwa hafungui mdomo kabisa darasani. Sasa ananisimulia kwa Kiingereza mbwa wao amekula nini. Bibi yake huniletea jiaozi za moto, vile vifurushi vya unga vyenye nyama au mboga ndani, kwenye kontena, na kila mara ananiuliza mama yangu wa Marekani hajambo. Nashindwa hata kumtazama.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja kutoka Cameroon alikamatwa akiwa darasani kwenye chekechea. Alikaa ndani siku kumi, akatozwa faini, kisha akapelekwa moja kwa moja uwanja wa ndege. Bosi anasema sisi tuko salama kwa sababu ana watu wake. Nilipomwambia nataka kuondoka, akanionyesha kwenye mkataba kwamba nikiacha kabla ya mwaka kuisha nitalipa yuan 20,000, na mshahara wa mwisho siupati.

Nyumbani wanajua nina kibali cha kazi. Mama ameshawaambia hadi kanisani. Deni la kikoba limebaki kama nusu. Nifanye nini? Nivumilie mpaka deni liishe? Kuna wakala mwingine anasema yuan 15,000 zinatosha kunipatia kibali cha kweli, nimpe? Niende polisi? Nirudi? Na kuna jambo linaniuma kuliko yote: je, ni kosa Mtanzania kufundisha Kiingereza?

Mwalimu, Luoyang

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Ondoka. Nakwambia kwanza neno hilo ili usilitafute huko chini. Ondoka mwenyewe, kwa tiketi yako, viza yako ikiwa bado hai, kabla hujatolewa. Anayeondoka mwenyewe anaweza kuomba tena kuingia China, hata mwakani. Anayeondolewa anafungiwa mlango, na ukisoma barua yako mpaka mwisho unaona kwamba China hujaichoka. Umechoka kujificha stoo.

Sasa nikueleze umesimama wapi kisheria, maana naona wakala na bosi wamekulisha vipande vipande.

Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2013. Inasema mgeni anayefanya kazi lazima awe na kibali cha kazi pamoja na kibali cha ukaazi cha aina ya kazi. Viza ya M haimo. Ni ya mtu aliyekuja kununua mzigo, kukagua kiwanda, kukutana na wateja. Anayekamatwa akifanya kazi bila vibali hivyo hutozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na jambo likionekana zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15 pamoja na faini hiyo. Baada ya hapo wanaweza kumrudisha kwao na kumzuia kuingia kwa mwaka 1 hadi 5. Yaliyompata mwenzako wa Cameroon yameandikwa humo. Huwezi kusema alikuwa na bahati mbaya.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu kuvumilia mpaka deni liishe, piga hesabu. Faini ya juu ni karibu mishahara yako mitatu. Ongeza tiketi ya ghafla na siku za ndani zisizo na mshahara. Siku utakayokamatwa, mama yako atabaki na deni lilelile, na wewe huna njia ya kurudi huko kulitafutia pesa. Kila mwezi unaoongeza hapo unaweka rehani miaka yako ijayo ili kulipa nusu ya mkopo wa kikoba. Mimi siwezi kukushauri biashara hiyo.

Kuhusu wakala wa yuan 15,000, usimpe hata moja. Kibali cha kweli huwa na mpangilio wake, na mpangilio huo unaanza wewe ukiwa nje ya China. Shule yenye ruhusa ya kuajiri wageni inaomba kwa mamlaka barua ya taarifa ya kibali cha kazi, ikiambatanisha shahada yako iliyothibitishwa na cheti cha polisi cha tabia njema. Barua ikitoka unaipeleka ubalozi wa China Dar es Salaam, unapewa viza ya Z, ile ya kazi. Ukishaingia, ndani ya siku 30 unaomba kibali cha ukaazi. Mtu anayekuambia atakugeuzia M kuwa kibali ukiwa umekaa Luoyang anakuuzia ama hewa ama karatasi ya kughushi, na ya kughushi ni mbaya zaidi, kwa sababu hapo utakuwa umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Tena hata kwa njia halali, utakwama pale panapokuuma. Kanuni za China zinamtaka mwalimu mgeni wa lugha afundishe lugha yake ya kwanza, awe na shahada, na awe na uzoefu wa miaka 2, ambao unaweza kusamehewa ukiwa na shahada ya ualimu au cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni kama TEFL. Shahada unayo. Ualimu unao. Ila kwa Kiingereza, maofisa wanatumia orodha ya nchi saba: Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Kwa bara letu ipo moja tu. Baadhi ya majimbo yamewahi kumkubali mtu wa nchi nyingine mwenye shahada aliyoipatia katika nchi hizo, lakini shahada ya kwetu haifungui mlango huo.

Je, ni kosa Mtanzania kufundisha Kiingereza? Hapana, mwanangu, na usimruhusu mtu yeyote akupandikizie wazo hilo. Mtoto aliyekuwa hafungui mdomo sasa anakusimulia habari za mbwa wao. Umefundisha. Hiyo ni kazi ya mwalimu aliyesomea, na wapo watu wenye pasipoti za nchi hizo saba waliosimama mbele ya watoto wa China bila kuwahi kusoma hata somo moja la mbinu za kufundishia. Kupanga walimu kwa pasipoti ni dhuluma kwa watu kama wewe. Matangazo ya kazi yaliyoandika wazi kwamba wanataka weupe tu ni dhuluma mbaya zaidi, na yamekuwepo kwa miaka mingi. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Lakini nchi ile ni yao na sheria ni yao, na polisi atakayeingia darasani hatauliza kama unafundisha vizuri. Ataomba kibali.

Tena fahamu kwa nini kituo chako kinajificha chenyewe. Julai 2021 serikali ya China ilitoa agizo la kupunguza mzigo wa masomo kwa watoto. Tuisheni za masomo ya shule, Kiingereza kikiwamo, zilibanwa vikali: hakuna kufundisha wikendi wala likizo, hakuna kuwafundisha lugha za kigeni watoto ambao hawajafika umri wa kuanza shule, hakuna kuajiri walimu walioko nje ya nchi kwa intaneti. Vituo vingi vilifunga. Vingine vilibadilisha kibao mlangoni vikaandika sanaa, michezo, kucheza, na darasa likaendelea nyuma ya kibao. Kituo cha namna hiyo hakiwezi kumwombea mgeni kibali hata kikitaka, maana chenyewe hakina ruhusa. Ndiyo maana kinamtafuta mtu ambaye hawezi kwenda kulalamika popote. Darasa lako la watoto wa miaka minne limekatazwa hata kama mwalimu angekuwa kweli mzaliwa wa Atlanta.

Sasa pasipoti, maana hili ndilo la haraka kuliko yote. Pasipoti ya Tanzania ni mali ya Serikali ya Tanzania, na umekabidhiwa wewe. Sheria ileile ya China inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi atembee na pasipoti yake na kuionyesha akiombwa. Bosi akiifungia kabatini, anayevunja sheria barabarani ni wewe. Na bila pasipoti huwezi kununua tiketi ya treni ya mwendokasi pale Luoyang Longmen wala kupata chumba hotelini. Yaani umefungwa ndani ya mji bila kufungwa pingu.

Lakini umeniambia jambo moja ambalo huenda hukuliona uzito wake: anakupa pasipoti kila unapokwenda Hong Kong. Huo ndio mlango wako. Safari ijayo ya kugeuza viza, usigeuze. Nunua mapema tiketi ya kutoka Hong Kong kuja nyumbani. Ethiopian wanaruka kutoka hapo kupitia Addis Ababa, na wengine wapo. Hong Kong ina uhamiaji wake tofauti na bara. Ukishavuka mpaka ukiwa na siku zako za viza hazijapita, umeondoka China salama na jina lako ni safi. Usizipitishe siku hizo hata kwa moja, maana faini ni yuan 500 kwa kila siku, hadi 10,000.

Kabla ya safari hiyo, taratibu na bila kumwambia mtu pale kituoni, piga picha mkataba wako kurasa zote. Hifadhi rekodi za malipo ya WeChat na maongezi yako na wakala, uzitume kwa ndugu mmoja unayemwamini. Pesa iliyopo kwenye WeChat itume nyumbani mapema, usisubiri siku ya mwisho. Vyeti halisi viwe kwenye begi la mgongoni. Nguo na vyombo viache. Najua koti la baridi umelinunua kwa pesa, liache.

Bosi akigoma kabisa kutoa pasipoti, hapo usipambane naye peke yako. Anza na ubalozi wetu Beijing au ubalozi mdogo wa Guangzhou, uwaeleze kwa ukweli wote, maana ofisa wa ubalozi hawezi kukusaidia kwa habari ya nusu. Ipo pia namba 12367 ya idara ya uhamiaji ya China, inafanya kazi saa 24 na wanapokea kwa Kiingereza. Na akikutishia kukudhuru au akikufungia ndani, piga 110 bila kufikiria viza. Nikueleze wazi: ukifika polisi kwa jambo lolote, watauliza unafanya nini Luoyang, na yale ya faini yanaweza kukufika. Kwa sababu hiyo polisi si mahali pa kuanzia iwapo pasipoti unaweza kuipata kwa njia ya Hong Kong. Ila usalama wa mwili wako unatangulia faini.

Zile yuan 20,000 za kuvunja mkataba zisikukoseshe usingizi. Mkataba wa kazi na mtu asiye na kibali hausimami mbele ya mahakama za China kama mkataba wa ajira. Na akienda kushtaki, atakuwa amejipeleka, kwa sababu mwajiri anayeajiri mgeni kinyume cha sheria anatozwa yuan 10,000 kwa kila mtu, hadi 100,000, na mapato aliyoyapata yanataifishwa. Wakala naye ana faini yake humohumo. Kwa sababu hiyohiyo, mshahara wako wa mwisho uhesabu umepotea. Inauma, lakini usikae mwezi mmoja zaidi ukiusubiri, kwa kuwa bosi wa namna hiyo kila mwezi atakuwa na mshahara wa mwisho wa kukushikia.

Yule bibi wa jiaozi, usimweleze kila kitu sasa. Habari itafika kwa wazazi wengine kabla ya jioni na itakurudia vibaya. Ila acha kuutaja mji ambao hujawahi kuukanyaga. Akikuuliza mama yako hajambo, mwambie hajambo, anakusalimia. Hilo ni kweli, na unaweza kumtazama usoni ukilisema.

Halafu maisha baada ya hapo. Wewe una vitu viwili ambavyo mwaka jana hukuwa navyo: Kichina cha kuongea na watu wa mtaani, na uzoefu wa darasa la watoto wasiojua neno lako hata moja. Kama unataka kurudi China kwa heshima, njia iliyonyooka kwa mtu wa shahada yako ni masomo. Ufadhili wa serikali ya China kwa shahada ya uzamili unawapokea walio chini ya miaka 35, na maombi kwa kawaida ni miezi ya mwanzo wa mwaka kwa masomo yanayoanza Septemba. Upo pia ufadhili wa wanaosomea kufundisha Kichina, ambao unataka cheti cha HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang kilichopo Jinhua. Anzia hapo kuulizia HSK na ufadhili. Mgeni aliyemaliza uzamili katika chuo cha China kwa alama nzuri anaweza kuombewa kibali cha kazi bila ile miaka 2 ya uzoefu, katika mwaka wake wa kwanza baada ya kuhitimu. Ukiwa mwanafunzi usirudie mtego: kazi za ziada zinahitaji ruhusa ya chuo na ya uhamiaji, na wanafunzi wengi wa kwetu wamenaswa hapo kwa vipindi vya jioni vya kufundisha Kiingereza.

Na usisahau somo lako la pili. Kanuni ya lugha ya kwanza iliyokufungia Kiingereza, kwa Kiswahili iko upande wako. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Beijing tangu miaka ya 1960. Nafasi za walimu kutoka kwetu ni chache mno na mara nyingi zinataka shahada ya juu, basi usiuze kitanda kwa kuzitegemea. Lakini mwenye uzamili, Kichina na shahada ya Kiswahili ni mtu wa kuitwa kwenye usaili. Na hapa nyumbani, kampuni za Kichina na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoagiza mizigo wanahitaji mtu wa kuwasomea mikataba na kuwapigia simu za Yiwu na Guangzhou. Kazi hiyo unaifanya ukiwa Dar, kihalali.

Limebaki la mama. Mpigie kabla hujaondoka, usimfikie mlangoni na begi. Mwambie kibali hakikuwepo, wakala alidanganya, na unarudi kabla hujafungwa. Atalia. Kisha atashukuru kwamba umemwambia wewe, maana angeweza kuambiwa na polisi. Habari za kanisani mwachie yeye mwenyewe aamue atasema nini. Si kazi yako kulinda sifa ile kwa uhuru wako.

Deni la kikoba lina wenyewe wanaojuana. Ukifika, nendeni wote wawili kwenye kikao cha kikundi, mpeleke chochote mlichonacho hata kama ni kidogo, muombe kupangiwa upya marejesho kwa miezi mingi zaidi. Vikundi hupendelea mtu anayekuja kikaoni kuliko anayezima simu. Na wakala aliyewachukulia pesa, mfungulieni jalada polisi kwa ule ushahidi uliohifadhi. Wakala wa ajira anatakiwa awe na leseni, na kama hana, hilo peke yake linatosha kuanzia. Kwenye lile kundi la WhatsApp la walimu, bandika tangazo lake pamoja na mshahara uliopewa kweli, kwa kuwa hivi sasa kuna mwalimu mwingine anayejitolea sekondari ya kata anayelisoma.